Hatua ya Kusikiliza Ardhi

Kiganjo, Ijumaa, saa nane mchana

Nyambura, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Mko saluni na mamako, na nikimjua yule msusi wenu wa mjini Thika, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Nina saa tatu. Nimetoa kiti nje, nikakirudisha ndani, nikakitoa tena. Chai nimepika mara mbili na zote zimepoa. Nilipoenda dukani kununua daftari hili, mwenye duka aliniuliza mtoto anasafiri lini. Nilimwambia ni kesho jioni, nikamwambia saa ya ndege, nikamwambia shule iko chini ya mlima, nikamwambia theluji huko hufika magotini, mpaka watu wawili nyuma yangu wakaanza kukohoa. Sijali. Mtoto wangu anaenda China kusomea kung fu miaka minne, na ni wao waliomwita. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mambo ya pasi, ya koti, ya dawa za tumbo na ya kutomwachia mtu usiyemjua mkoba wako, mamako ameshakuambia na ataendelea kukuambia mpaka mlangoni pa uwanja wa ndege. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa wiki tatu, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Kumbuka siku uliyoingia na simu mkononi, viatu hata hujavua, ukanipata natengeneza soketi ya jikoni. "Dadi, wamejibu ile video," ukasema. "Wanasema form yangu iko sawa, lakini kuna step moja hawaijui. Ile ya kusikiliza ardhi. Mwalimu mkuu mwenyewe anataka niwaonyeshe siku ya kwanza, mbele ya wanafunzi wote. Imagine, wao hawaijui. Sisi tunaijua."

Ukanikumbatia na bisibisi ikiwa bado mkononi mwangu. Nikasema, "Hiyo ni poa sana, mami," kisha nikaenda bafuni, nikafungua mfereji na kusimama pale nikitazama maji yakimwagika.

Mamako alinifuata. Yeye anajua. "Baba Nyambura," akasema, "utamwambia ama nimwambie?" Nikamwambia nitakuambia mwenyewe. Leo ni siku ya ishirini na moja, na mamako amepunguza kunisemesha.

Sasa nisikilize. Hatua hiyo hawaijui kwa sababu haimo katika fomu, ule mpangilio wa miondoko tunaoufanya. Haijawahi kuwamo. Niliitia mimi, na sikuitia kwa hekima yoyote.

Nilikupa hadithi ya Mzee Lin ukiwa mdogo, lakini nilikupa nusu iliyonipendeza. Hii ndiyo nzima. Wakati barabara kuu ya Thika inapanuliwa, nilikuwa kibarua upande wa Ruiru, na wewe ndiyo umeanza nasari. Nilikuwa na mkanda wa kahawia wa karate niliyojifunza Kamenu, na mdomo mkubwa kuliko mkanda. Mzee Lin, Mchina, alikuwa msimamizi wa simiti. Kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi, alisimama nyuma ya kontena la vifaa na kufanya ile miondoko yake polepole, na sisi vijana tukamcheka. Tulisema anafukuza mbu waliolala.

Siku moja nilimsukuma kwa mzaha. Nilimwendea kwa nyuma nikampiga bega, nikitaka kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Mimi ndiye niliyejikuta nimekaa kwenye kokoto, na yeye akaendelea na mwondoko wake bila hata kugeuka. Wenzangu walicheka wiki nzima. Kesho yake nilifika mapema nikamwomba anifundishe.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakikuwa na makosa, maana alikuwa na subira hata na maneno. Alinionyesha namna ya kusimama: magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kana kwamba umekumbatia pipa. Akasema, "Simama." Nikauliza nisimame mpaka lini. Akaangalia saa yake, akaniangalia mimi, akasema, "Unakimbilia wapi?" Hilo swali alinipiga nalo karibu kila siku kwa miezi yote niliyokuwa naye.

Nilisimama miezi minne. Mapaja yalitetemeka mpaka nikiketi chooni nalia. Kazini alinipa jukumu la kulinda simiti mbichi ya daraja dogo, kuimwagilia maji asubuhi na jioni siku saba na kuzuia watu wasiikanyage. Mimi niliona ni adhabu. Siku ya tatu nilimwambia simiti imekauka, nimeigusa na iko ngumu, tuwaache watu wapite. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu yake, akasema, "Juu imekauka. Ndani bado inafanya kazi. Tuiache ifanye." Nilidhani tunazungumza kuhusu daraja.

Baada ya hapo akaanza kunifundisha fomu, mwondoko baada ya mwondoko. Tulipofika ule ninaouita Korongo Anageuka, ule wa kusimama kwa mguu wa kushoto, kuinua wa kulia, kuzunguka na kuushusha mbele, aliniambia huu utakutaka miaka mitatu kabla haujawa wako. Alinikataza mambo mawili. Nisifundishe mtu kabla ya miaka hiyo mitatu, na nisipigane kwa ajili ya watu kunitazama.

Nyambura, niliyafanya yote mawili kabla ya mwaka kuisha.

Nilibandika makaratasi Kiganjo nzima kwamba kuna mwalimu wa kung fu ya kweli kutoka China, mwalimu huyo akiwa mimi ambaye sijawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Wakaja wanafunzi kumi. Nikalewa sifa. Kisha bondia mmoja wa Ruiru, Oduor, kijana mpole aliyefanya kazi kiwandani, akasema mahali kwamba ile ni densi. Maneno yakanifikia, nami nikamwita tukutane kwenye ukumbi, watu waje waone. Watu walikuja kweli. Mamako alikuja pia, akakaa karibu na mlango na wewe mapajani.

Hadithi uliyoisikia ni kwamba niliumia goti nikipigana na bondia. Ukweli ni kwamba Oduor hakunigusa. Tulizungukana kidogo, watu wakaanza kupiga kelele, nikataka kuwaonyesha kitu hawajawahi kuona. Nikafanya Korongo Anageuka kwa kasi, katikati ya ukumbi, mwondoko niliokuwa nimefundishwa wiki mbili tu. Mwili ukageuka, mguu wa kushoto ukabaki. Nikasikia goti likisema neno lake. Nikaanguka peke yangu mbele ya mtu aliyekuwa bado anapanga mikono. Ni Oduor huyo huyo aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, akiniambia, "Pole, brathe, pole. Mimi hata sijaanza." Mpaka leo nikimkumbuka naona aibu na kicheko kwa pamoja.

Mzee Lin alikuja hospitalini na machungwa. Alikaa kitandani pangu, akanimenyea moja, hakuuliza swali lake. Nadhani ningependa angeuliza. Mwezi uliofuata sehemu yake ya kazi iliisha, akarudi kwao, na mimi bado natembea na mkongojo. Sikumuaga vizuri. Niliona nitamuaga nikipona.

Hapa ndipo inapoingia hatua yako.

Nilirudi kufundisha kabla goti halijapona, kwa hofu kwamba wanafunzi watanikimbia. Kila tulipofika Korongo Anageuka, sikuwa na uhakika kama mguu wa kushoto utanibeba. Kwa hivyo kabla ya kuinua wa kulia, niliuburuta ule wa kushoto nusu hatua na kugonga sakafu mara mbili kwa kidole gumba, kupima. Goti likikubali, nageuka. Likikataa, najifanya namrekebisha mwanafunzi. Hiyo tu. Ni mtu anayeliuliza goti lake bovu kama leo litamwaibisha.

Jumamosi moja, pale ukumbini Kamenu, nilisimama nyuma ya darasa badala ya mbele. Walikuwa kumi na wanane. Walipofika mahali pale, wote kumi na wanane wakaburuta mguu wa kushoto na kugonga mara mbili. Wazima wa miguu, Nyambura, watoto na watu wazima, wakichechemea kwa pamoja kwa adabu kubwa. Niliona kilema changu kimezaa. Ningesema hapo hapo, ingekuwa kicheko cha dakika tano na mambo yakaisha. Nikanyamaza.

Halafu tukaitwa mtaa wa Membley kuonyesha wazazi, kwa sababu walikuwa wanafikiria kuanzishia watoto wao darasa. Ulikuwa na miaka minane, umekaa mstari wa mbele na sare yako inayokuzidi. Tulipomaliza, mama mmoja aliinua mkono, akauliza kwa ustaarabu, "Mwalimu, pale mnapogonga chini, ni ya nini?" Nilikuwa na nafasi ya pili. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikasikia ukisema, "Hapo, mama, tunasikiliza ardhi."

Wakapiga makofi. Darasa tukapata. Mzazi mmoja akatuchapishia fulana zilizoandikwa SIKILIZA ARDHI mgongoni, na wewe uliivaa yako mpaka ikawa ya kupangusia madirisha. Lakini kilichonimaliza si fulana. Tulipofika nyumbani ulilala kifudifudi sebuleni, ukaweka sikio sakafuni, ukakaa hivyo muda mrefu. Ukaniuliza, "Baba, inasema nini?" Nikakuambia utasikia ukikua. Mamako alikuwa amesimama jikoni na sufuria mkononi. Alinitazama, akarudi kupika. Mimi nikakaa pale nikikutazama unavyojitahidi kusikia goti langu kupitia sakafu.

Naomba msamaha kwa hilo kwanza. Haya mengine yanafuata.

Na bado kuna jingine, maana leo nimefungua mfereji na sitaki kuufunga. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja ulianguka kwenye onyesho la Ruiru, ukalia mbele ya watu. Nilitoka ukumbini mbele yako nikatembea haraka, wewe nyuma na begi lako. Ulidhani nimekasirika kwamba ulianguka. Niliona mguu wako ukigonga ile mara mbili kabla hujaanguka, na kugonga huko ndiko kulikuondolea mizani. Nilijua. Nikakuacha uamini kwamba kosa ni lako. Ukarudi mazoezini Jumatatu, na kwa mwaka mzima ukaurudia mwondoko huo kila siku mpaka hukuanguka tena.

Hilo ndilo ninaloshangaa zaidi ya yote. Uliichukua hatua ya mtu mwoga, ukaing'ang'ania, ukaisafisha, mpaka imekuwa nzuri. Nimeitazama ile video uliyowatumia mara nyingi kuliko unavyojua. Unapogonga pale, hata mimi mwongo wa kwanza natamani kuamini. Ndiyo maana wameiulizia. Sidhani wanakudhihaki. Mtu aliyekaa na kitu miaka mingi huona pale mwingine alipokaa na kitu miaka mingi, hata kama kitu chenyewe ni goti la baba yake.

Mzee Lin alinipa kazi ya kungoja, nami nikafikiri kungoja ni kukaa bure mpaka kitu chako kifike. Nilikuwa nangoja mkanda, nangoja jina, nangoja watu wa Membley. Wewe ulikuwa unarudia tu. Hukuwa unangoja chochote. Nilikuwa naketi kwenye benchi nakutazama nikifikiri nakufundisha, kumbe wewe ndiye uliyekuwa umeelewa yule mzee bila kumwona.

Watakuambia uiondoe. Jiandae, maana mwili wako utakataa. Mguu huo umegonga miaka kumi na mmoja; utagonga hata kabla hujafikiri. Pengine watakurudisha kwenye kusimama, magoti yamekunjwa na pipa mikononi, kama mtoto wa nasari, na walio wadogo kwako watapita wakikutazama. Huo mwaka utakaopotea kwa kuondoa kitu changu ni mwaka wako, na mimi ndiye niliyeuchukua. Nasikitika sana. Lakini pia, na hapa usinicheke, nakuonea wivu. Utasimama pale asubuhi na mtu anayejua atapita nyuma yako na kukugusa kiwiko kidogo, hivi, na kitu kitakaa mahali pake. Mimi niliguswa hivyo mara nne tu maishani na bado nazikumbuka zote.

Nikuambie siri ya wiki hizi tatu. Unapodhani nimeamka kumwagilia sukuma wiki, huwa nimesimama nyuma ya tangi nikijaribu kufanya Korongo Anageuka bila kugonga. Goti limepona zamani, daktari alishaniambia. Ni mimi niliyebaki nalo. Siku kumi na tisa mguu uligonga. Nikiukataza, unagonga kwa siri, kidole ndani ya kiatu. Jana asubuhi sikuukataza. Nilichoka, nikasimama tu kwa muda, nikahisi uzito ukishuka kwenye wayo wa kushoto wote, polepole, mpaka ukafika chini, na mguu wa kulia ukainuka kabla sijauambia. Nikageuka. Nikaushusha mbele. Hakuna kilichogonga. Nilibaki nimesimama kati ya sukuma nikicheka kama mwendawazimu, na jirani akachungulia juu ya ua akauliza, "Mwalimu, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kabisa. Nina miaka arobaini na moja na nimeanza kung fu jana.

Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujakusindikiza, nitaenda Kamenu na kuwaambia wanafunzi wote. Nitawaeleza kuhusu Oduor, goti na yule mama wa Membley. Nimeshaandika ujumbe kwamba wazazi pia waje. Wengine wataondoka, na nina hofu, sitakudanganya. Darasa hili ndilo kitu pekee ambacho watu wa hapa wananijua nacho. Halafu nitafungua mkanda wangu niuweke mezani, na atakayebaki tutaanza naye kusimama. Kwa ile fomu, nitakungoja wewe. Ukiipata ilivyo, hata ikikuchukua miaka miwili, utanifundisha kwa simu ya video mwondoko mmoja mmoja. Sitakuuliza lini.

Na siku ile ya kwanza wakikuita mbele uwaonyeshe ile hatua, amua mwenyewe. Unaweza kukataa na kusema ni kosa la mwalimu wako. Unaweza pia kuifanya mara ya mwisho, vizuri kama unavyoifanya, kisha uwaambie ilivyo: baba yangu aliumia akiwa na haraka, akaficha, nami nikajifunza alichoficha. Wala usinilinde. Nimelindwa vya kutosha na wewe pamoja na mamako.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya masweta, uipate ukiwa umeshafika. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikajiona. Hiyo ingekuwa kugeuka tena huku mguu umebaki.

Kwa hivyo nitakupa mkononi ukiingia na nywele zako mpya, kabla mamako hajavua hata kitambaa. Utaisoma hapa sebuleni. Nitakuwa nimeketi kwenye kile kiti cha mbele yako, bila simu wala chai ya kushika. Isome taratibu. Ukitaka, isome mara mbili. Ukimaliza, inua macho, mami. Niko hapa.

Babako